Jiwe Jekundu la Mahrus

Ijumaa alfajiri, wakati mafundi wengine wa Bonde la Nyoka, mtaa wa wakata marumaru, walikuwa wamejifunika mablanketi yao, Fundi Mahrus alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe akilivisha magunia. Alichovya gunia kwenye beseni la plasta, akalikamua, akalilaza juu ya jiwe na kulipapasa mpaka likashika. Kisha jingine. Jiwe lilikuwa kubwa kama gari dogo, jekundu la kukolea, limejaa mishipa myeupe na nyufa zilizopita kila upande. Pale bondeni waliliita brishia, na wakataji wengi wa marumaru hawakutaka hata kulitazama. Ukiliingiza kwenye msumeno lilivyo, linatoka kokoto.

"Leo Ijumaa, fundi," alisema Rizq akikokota mpira wa maji. "Hata mashine za jeshi zinapumzika."

"Nani kakudanganya? Mashine zikipumzika, wale watoto wa kambini watakuwa wanafanya nini? Wanalipwa kwani, mpaka wapewe siku ya mapumziko?"

Rizq alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mfanyakazi wa mwisho aliyebaki katika karakana ile. Wenzake waliondoka mmoja mmoja, huyu akaendesha tuktuk, yule akarudi kwao Asyut, tangu jeshi lilipojenga kiwanda chake cha marumaru huko jangwani. Mahrus hakuwa mvivu wa kushindana. Alishindana na Wachina, akashindana na Waturuki, na wote aliwamudu. Lakini utashindanaje na mtu ambaye kiwanja hakununua, ushuru wa misumeno hatozwi, na wafanyakazi wake ni vijana walioletwa na sheria ya jeshi la lazima? Bei yao ya bamba moja ilikuwa chini ya gharama zake yeye za kukata tu.

Kilichombakiza hai ni hili jiwe jekundu. Kiwanda kile chenye mashine za Kiitaliano kilikuwa bado hakijaweza kulikata. Kila walipojaribu, lilisambaratika.

Kabla plasta haijakauka, gari jeupe lilisimama getini. Haji Mitwalli, mkandarasi, aliteremka akishika kanzu isiguse tope. Alikuwa akijenga ukumbi wa kupokelea wageni katika jengo moja la serikali kule Mji Mpya, na mchoro ulitaka kuta nzima za brishia.

"Baba Shadi! Asubuhi njema. Umeshaanza?"

"Asubuhi ya nuru, Haji. Linavaa hili. Kesho linaingia msumenoni."

Mitwalli alilizunguka jiwe. Ubavuni mwake Rizq alikuwa ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa: MITWALLI.

"Sikiliza," alisema Mitwalli, na sauti ikawa ya chini. "Mimi na wewe tumekula chumvi pamoja. Nisikufiche. Wale jamaa wa jeshi wameniambia kazi yote ingekuwa yao kama wangeliweza jiwe hili. Hawaliwezi, basi ni yako, na utapata riziki ya mwaka mzima. Wakiliweza, usinilaumu. Afande akinipigia simu, mimi nina ubavu gani wa kukataa?"

"Hawataliweza."

"Inshallah."

"Haji, nimesema hawataliweza."

Mitwalli alimpiga bega akaondoka. Mahrus aliinama kwenye beseni, akainuka, akaenda getini bila sababu, akarudi, akasahau alichokuwa anatafuta. Tangu mwezi ule uanze alikuwa hivyo, kama mtu aliyeingiwa na mchanga kwenye viatu. Rizq alimnyang'anya gunia mkononi.

"Nenda kwa mwanao, fundi. Mama Shadi atakuwa keshafunga sufuria zake. Nitamalizia mimi."

Mama Shadi, ambaye jina lake ni Inshirah, alikuwa keshafunga. Bata mzima wa kuchoma, kabichi iliyoviringishwa na wali, mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, na kachumbari kwenye chupa ya jemu. Ijumaa ilikuwa siku ya kuwaona vijana kambini, na Shadi hakuwa amerudi nyumbani kwa ruhusa tangu kabla ya Ramadhani. Njia nzima Inshirah alipakata sufuria yake ya moto juu ya taulo, na Mahrus alipakata kisichoonekana.

Kambi ambayo Shadi alipelekwa ndiyo hiyohiyo yenye kiwanda cha marumaru. Haikuwa bahati mbaya. Ni Mahrus mwenyewe aliyefanya hivyo. Mtoto alipoitwa jeshini, ilikuwa miezi ile ambayo vijana wa watu walikuwa wakirudishwa kutoka mpakani ndani ya masanduku, na Inshirah hakuwa analala. Mahrus akamwendea shemeji yake, shemeji akamwendea rafiki yake wa ofisi ya kuandikisha, na Mahrus akamsifu mwanawe mpaka akapitiliza: huyu ni fundi marumaru, mkono wake ni wa baba yake kabisa, kiwandani kwenu atawafaa kuliko mpakani. Wakamsikiliza. Wakampeleka. Siku ile alichinja kondoo.

Getini askari mdogo mwenye chunusi alifunua sufuria na kuchoma bata kwa kijiti.

"Unatafuta nini humo, mwanangu, bunduki?" aliuliza Inshirah.

"Amri, mama."

"Amri imekula asubuhi? Njoo, shika paja hili. Mbona umekonda hivyo, kwenu hawajui kama uko hapa?"

Kijana alitazama nyuma yake, akapokea paja, akalificha ndani ya kofia. Kando ya geti palikuwa na kioski cha jeshi, kinauza maji ya jeshi, biskuti za jeshi na tambi za jeshi. Maji mliyokuja nayo mliyaacha nje kwa sababu za usalama, kisha mkanunua yao. Mahrus alinunua chupa mbili akasonya.

Walimkuta Shadi chini ya turubai pamoja na familia nyingine. Alipomwona mama yake alicheka kwa mdomo, macho yakabaki palepale. Nyusi zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Inshirah alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua tikiti, kisha akaanza kumlisha kwa mkono wake mwenyewe bila kuona haya.

"Ruhusa yako vipi?" aliuliza Mahrus.

"Imefutwa tena."

"Kwa kosa gani?"

Shadi alimeza kwanza. "Brishia, baba. Wamenipa mimi mawe yote ya brishia. Wanasema si wewe mtoto wa Mahrus wa Bonde la Nyoka? Limevunjika la kwanza, wakafuta ruhusa. La pili, nikalala mahabusu. Nalivisha magunia vilevile kama tunavyolivisha nyumbani, plasta ileile, lakini msumeno ukifika katikati tu, linaachia." Alifuta mikono kwenye suruali. "Kesho wanaingiza la tatu. Meja kasema likivunjika hili, naongezewa muda wa jeshi na napelekwa kambi za kusini kule, anakosema watu wanarudi wamesahau majina yao."

Inshirah alishusha kipande cha bata.

"Baba," alisema Shadi, "kuna kitu hukuniambia."

Ndiyo, kilikuwepo. Pale bondeni ndivyo walivyofanya tangu enzi za babu zao. Kijana ambaye hajamaliza jeshi haozwi, haruhusiwi kusafiri nje, na hapewi neno la mwisho la karakana, ile siri ya mwisho ya ufundi. Anafundishwa yote, lakini lile la mwisho hufanywa yeye akiwa ametolewa nje, nalo linangoja siku atakayorudi na cheti chake mkononi, kwa sababu mpaka siku hiyo bado ni mali ya serikali. Mahrus mwenyewe alilipata kwa baba yake jioni aliyovua sare. Hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku serikali ingekuja kulitaka hilo neno.

Aliinuka. Akatembea mpaka mwisho wa turubai, akarudi, akainuka tena kabla hata hajakaa vizuri. Watu wa familia nyingine walimtazama.

"Baba Shadi, kaa chini, unanipa kizunguzungu," alisema Inshirah.

"Unajua anachoniomba?"

"Najua."

"Wakilikata wao, Mitwalli anakwenda kwao. Mitwalli akienda, nafunga. Mwezi huu huu, Inshirah. Rizq anakwenda nyumbani, na mimi nakaa kibarazani nahesabu paka."

"Nimekwambia najua!" Aliipangusa midomo ya mwanawe kwa kitambaa, mwanaume mzima aliyevaa sare. "Karakana nitaililia baadaye. Huyu nilimlilia alipoitwa, siwezi kumlilia mara ya pili."

Shadi aliinamisha kichwa, na aibu iliyokuwa usoni mwake ilimuuma baba yake kuliko hayo mahabusu. Basi atamnong'oneza. Hapa hapa, sikioni, mtu na mwanawe, na afande abaki na mashine zake.

Lakini hakuwahi. Meja Raouf alikuwa tayari anakuja, amevaa miwani, uso mpole, mkono umeshatangulizwa. Alikuwa mhandisi, na alikuwa na adabu. Hilo ndilo lililomchosha Mahrus, kwamba hata kumchukia ilikuwa kazi.

"Fundi Mahrus! Leo umetuheshimu. Mama, karibu sana, samahani kwa kukuibia mzee kidogo. Njoo, mzee, uone mwanao anapofanyia kazi."

Kiwanda kilikuwa kipana kama uwanja wa mpira, sakafu safi kuliko jikoni. Misumeno ilinguruma kweli, Ijumaa hiyo hiyo. Vijana waliovaa fulana za kijeshi walikuwa wakisukuma mabamba, na meja aliwatambulisha kwa fahari: huyu alikuwa kinyozi Tanta, huyu amesoma sheria, yule mkulima wa mpunga.

"Watu wanatusema, mzee. Jeshi limeingia kwenye tambi, jeshi limeingia kwenye samaki, saruji, maziwa. Lakini nani mwingine angejenga? Ukingoja wafanyabiashara, nchi itasimama lini? Barabara zote hizi, madaraja yote haya."

"Daraja nimeliona, afande. Limepita dirishani kwangu. Mama Shadi akianika nguo, anawasalimia madereva kwa majina."

Meja alicheka kwa moyo, tena alicheka kweli. "Ndiyo maendeleo, yana usumbufu wake. Lakini hatushindani na ninyi. Sisi sote nyumba moja."

"Nyumba moja, afande. Sema tu wengine tuko kwenye ngazi."

Walifika mbele ya jiwe. Brishia, jekundu, kubwa kuliko lake, tayari limevishwa magunia. Shadi, aliyewafuata, alisimama kando yake, mikono nyuma. Kwa mbali tu Mahrus aliona: mtoto alikuwa amefanya kazi nzuri, kila gunia limelala mahali pake. Na msumeno ungelivunja vilevile.

"Sitakulazimisha," alisema meja. "Mimi ni muungwana. Lakini kijana wako ana kipaji, na naona kuna kitu kidogo kinampungukia. Akikijua, nasaini ruhusa yake leo, aondoke na ninyi mpaka Jumapili. Tena zaidi ya hapo. Mtu mwenye ujuzi ambao hapa mwingine hana, hatumwachi. Muda wake ukiisha, tunamwombea abaki. Zipo njia."

Alilisema kama zawadi. Mahrus alilisikia kama komeo linavyoingia. Ujuzi ambao hapa mwingine hana. Akimnong'oneza Shadi peke yake, atakuwa amemfungia mlango kwa mkono wake, kama alivyomfungia mara ya kwanza kwa kumsifu. Alitazama vijana waliokuwa wakipita na mabamba yao. Akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Waite," alisema.

"Nani?"

"Wote hawa. Zima misumeno, afande, sina sauti ya kushindana nayo. Kinyozi, njoo. Wewe wa sheria, weka hilo bamba, njoo. Na huyo wa mpunga."

Meja alisita, kisha akainua mkono. Kiwanda kizima kikanyamaza. Vijana wakakusanyika wakipangusa vumbi usoni, na Shadi akamtazama baba yake kama mtu anayemwona akivua nguo sokoni.

"Vueni magunia haya. Kwanza kabisa mmelivisha jiwe likiwa na kiu. Lianikeni juani siku kadhaa, mchana likichemka nyufa zinafunguka. Hapo ndipo unamimina gundi, si asubuhi, wala si jioni. Gundi ipashwe moto, na uichanganye na unga wa jiwe hilihili, si unga wa jiwe jingine. Nani anashika? Wewe, rudia." Mwanasheria akarudia. "Vizuri. Likishakunywa, ndipo linavaa. Sasa njooni huku chini, shikeni hapa. Shikeni, halichomi. Mnaona mishipa inavyolala? Huu ndio upande uliolala mlimani, ndiyo miguu ya jiwe. Mnaingiza msumeno kutoka huku, jiwe limepinduliwa, miguu juu. Ninyi mmekuwa mkikata kutoka kichwani, ndiyo maana linaachia. Haya, kinyozi, nionyeshe miguu ya jiwe. Sasa wewe."

Aliwapitisha mmoja mmoja. Hakuficha hata tone. Aliwashika viganja akaviweka penyewe, akawafokea, akawarudisha. Alivyozidi kutoa ndivyo alivyohisi karakana yake ikimtoka, magunia, winchi, sauti ya Rizq, jina la baba yake juu ya geti, na hakusimama mpaka wa mwisho wao, kijana wa mpunga, aliposema yote bila kukosea.

"Kwenu ni wapi?" alimuuliza.

"Kafr el-Sheikh, mzee."

"Ukimaliza jeshi nenda nalo neno hili. Sikuufundisha ukuta wa kiwanda, nimewafundisha ninyi." Kisha akamgeukia meja. "Haya, afande. Sasa wanaojua wamejaa. Huyu wangu si wa pekee tena."

Meja Raouf aliitoa kalamu mfukoni. Alielewa, na haikumsumbua. Alikuwa amepata alichotaka, tena kwa jumla. Alisaini ruhusa pale pale, akiegemea jiwe, na getini wakampa Inshirah katoni ya tambi za jeshi kwa shukrani. Aliipokea. Tambi zilikuwa zimepanda bei tena wiki ile.

Safari ya kurudi, Shadi alilala kichwa kikiwa begani kwa mama yake. Simu ya Mahrus ililia kabla hawajaliona daraja la kwanza la mjini.

"Baba Shadi," alisema Mitwalli, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. "Lile jiwe, usilikate kwanza. Nimesikia wamepata dawa yake."

"Umesikia upesi."

"Afande kanipigia mwenyewe. Sasa mimi nifanye nini, ndugu yangu? Nina ubavu gani?"

"Hamna neno, Haji." Akazima simu kabisa, akaiweka mfuko wa ndani. Inshirah alimtazama. Alisogeza mguu wake ukagusana na wa mumewe, ukabaki hapo.

Nyumbani hakukalika. Shadi aliangushwa na usingizi juu ya kochi na buti zake miguuni, na Mahrus alizunguka sebule mpaka Inshirah akamfungulia mlango mwenyewe. "Nenda basi. Nenda huko."

Karakana ilikuwa na mwanga wa jua la mwisho. Rizq alikuwa amemaliza kulivisha jiwe vizuri sana, amekaa juu ya ndoo anakula maharage. Mahrus alichukua kitambaa kilicholowa, akasugua ubavu wa jiwe mpaka chaki yote ikatoka.

"Mbona unamfuta?" aliuliza Rizq.

"Washa msumeno."

"Si tulisema kesho? Fundi, tunamkatia nani?"

"Washa, Rizq."

Rizq aliacha kutafuna. Aliangalia mahali jina lilipokuwa, akafunga maharage yake kwenye mkate, akaenda kwenye winchi. Walilipindua jiwe, miguu juu, kisha wakauwasha msumeno. Maji yakaanza kutiririka, mekundu, na kelele za msumeno zilijaza bonde lote lililolala Ijumaa yake.

Shadi aliingia bamba la kwanza likiwa karibu kuachana na jiwe. Alikuwa amefuata sauti, nywele zimelala upande mmoja, anatabasamu kama alivyokuwa akitabasamu zamani.

"Baba, hungeniamsha? Nimelala nini? Kumbe Mitwalli hajatuacha, tena ana haraka hivyo?" Alilizunguka jiwe akilipigapiga, akihesabu kwa sauti mambo watakayofanya akimaliza jeshi, watanunua sahani mpya ya msumeno, watamrudisha yule fundi wa Asyut. Kisha akafika ubavuni. "Jina lake liko wapi? Rizq huandika majina siku zote."

"Limefutika na maji," alisema Mahrus.

Huo ubavu ulikuwa mkavu. Shadi aliupapasa kwa kiganja, akamtazama Rizq, na Rizq akatazama ndoo. Akamtazama baba yake. Hapo akaelewa kwamba jiwe halina mnunuzi.

Alikaa juu ya kifusi cha mawe, akafungua kamba za buti zake za jeshi, moja, na ya pili ilikuwa na fundo akaikata kwa meno. Akazishika kwa visigino, akatoka nazo mpaka nje ya geti, akaziacha barabarani ambako magari ya kiwanda cha jeshi hupita kila asubuhi. Akarudi peku juu ya maji mekundu.

"Shika upande huo," alisema Mahrus.

Akashika. Bamba lilitoka zima.